Pumzi ya Kuitikia Salamu

Kama unasoma haya ukiwa kwenye benchi la kliniki ya kifua, barakoa inakuwasha nyuma ya masikio na mtu wa pembeni yako amejisogeza kidogo ili msigusane, basi nakuandikia wewe. Mimi nimekaa kwenye benchi kama hilo, na nimepona. Nalisema mapema ili usisome roho ikiwa juu, maana hata mimi habari za wagonjwa huzisoma kuanzia mwisho.

Watu huniita Baba Saidi. Ni mkulima wa korosho, nyumbani ni Kitangari, wilaya ya Newala, na umri wangu ni ule ambao vijana wanakuamkia bila kukutazama mara mbili. Kifua kikuu kilinipata na nikakaa nacho miezi bila kukijua, kwa sababu kilikuja msimu wa salfa.

Wasiokujua kwetu niwaeleze. Mikorosho ikitaka kutoa maua tunaipuliza salfa ya unga isipate ukungu. Kazi inafanyika alfajiri, umande ungali kwenye majani, mashine ipo mgongoni inanguruma, na unga wa njano unaingia puani, machoni na kwenye chai. Msimu huo kila mtu anakohoa. Msikitini imamu akisema “Allahu akbar” safu ya kwanza inamjibu kwa kikohozi. Kwa hiyo nilipoanza kukohoa nilikohoa na wenzangu, tukanywa maziwa kama ilivyo desturi, tukaendelea na kazi. Salfa ikaisha. Wenzangu wakanyamaza, mimi nikabaki nakohoa peke yangu kama jogoo asiyejua kwamba kumeshakucha.

Mke wangu, Mama Saidi, ndiye aliyechoka kusubiri.

“Baba Saidi,” aliniambia siku moja tukiokota korosho na kuzichomoa kwenye mabibo yake, “hii salfa gani inakohoza mtu mpaka mabibo yanaanguka?”

Nilitaka kumjibu kwa mzaha, kikohozi kikanikata. Nilipotoa kiganja mdomoni kilikuwa na alama nyekundu. Tukatazamana. Shati langu lilikuwa linalowa jasho kila usiku, mkanda wa suruali nilikuwa nimeutoboa matundu mapya kwa msumari, na yote hayo tulikuwa tumeyaita salfa.

Dada yangu mkubwa, Mama Zuhura, anaishi Masasi na mumewe, na ana duka la vitenge karibu na sokoni. Alipopata habari alisema nipelekwe kwake, kwa kuwa hospitali iko jirani. Nikashuka Masasi na mfuko mmoja wa nguo.

Benchi la wagonjwa wa kifua lilikuwa nje, kwenye baraza, ili upepo upite. Ukikaa pale unajifunza kusoma watu. Mgonjwa mpya utamjua kwa anavyoshika kile kikopo cha makohozi kama kimeibwa. Wa zamani anakiweka magotini huku anapiga soga. Mimi nilikificha chini ya koti. Kulikuwa na muuguzi mmoja, Mungu amzidishie, ambaye hakuwahi kumwita mtu kwa ugonjwa wake. Alitoka mlangoni akaita, “Baba Saidi yupo?” na mimi nikainuka kama mtu aliyeitwa kwenye harusi. Ni jambo dogo, lakini siku ile lilinisimamisha wima.

Dawa zilikuwa vidonge vikubwa, kila asubuhi, na dada alisimama mbele yangu mpaka nimeze. Alfajiri ya pili nilipiga kelele kutoka chooni. Mkojo ulikuwa wa rangi ya fanta. Dada akaja mbio kwa khanga moja, akasikiliza nikilia kwamba ninakojoa damu, kisha akashika kiuno. “Si nesi alikwambia jana mbele yangu? Ni rangi ya dawa! Wewe siku zote unasikiliza kwa masikio ya kuazima.” Nilikuwa nimeambiwa, kweli. Hofu ilikuwa imeziba masikio. Kwa hiyo ukiambiwa mambo hospitalini, nenda na mtu wa kukusikilizia.

Awamu ya kwanza ya dawa ndiyo iliyoniumiza. Chakula kilinuka, viungo viliuma, na usiku niliota nikipanda ngazi isiyo na mwisho. Dada alinitenga kwa adabu: chumba changu, dirisha wazi mchana na usiku, mlango wa kuelekea uani. Hakunionyesha uso wa kuchukizwa hata mara moja. Na siku tulipoambiwa kwamba sasa siambukizi tena, alipika mbaazi za nazi, akaja nazo kwenye sahani moja, akakaa kwenye mkeka wangu, akanawa, akaanza kula upande wa pili. Mimi nilikula na machozi yanaingia kwenye mchuzi, akaniuliza kama chumvi imepungua.

Nataka lieleweke hilo kabla sijamsema vibaya dada yangu.

Shida yake ilikuwa kwamba kwake mgonjwa ni mtu wa kutulia. Kwetu mgonjwa akionekana na ndoo au ufagio, aibu si yake, ni ya nyumba inayomtunza. “Majirani watasema Mama Zuhura kamtuma mgonjwa maji,” alikuwa akisema, na hapo mjadala umefungwa. Maji ya kuoga yaliletwa, na viatu niligeuziwa. Nikinyoosha mkono kuchukua kikombe, kikombe kilikuwa kimeshafika. Mvua zilianza, nami nikakaa barazani nikiangalia vile vilima vya mawe vya Masasi vikilowa na kukauka. Ming'oko, ile mizizi ya porini tunayoichemsha, iliingia sokoni nikaila kwa fujo. Mashavu yalirudi, hata kitambi kikachungulia, lakini miguu haikurudi. Nilipotoka barazani kwenda chooni ilinibidi nisimame katikati, mkono ukutani, nikihema kama niliyekimbizwa na nyuki.

Hapo ndipo mazungumzo ya chini chini yalipoanza. Dada aliwaambia ndugu kwamba nisirudi Kitangari. Kule ni mlimani, maji ya shida, kila kitu ni kupanda na kushuka. Nibaki kwake Masasi, mikorosho ipewe mtu wa kuitunza, na Mama Saidi na watoto watakuwa wanakuja kunitazama. Alisema kwa upendo, na ndiyo sababu ilikuwa vigumu kumjibu. Mama Saidi alipokuja kunisalimia aliyasikia yote, akainamisha kichwa mbele ya wifi yake, hakubisha. Ila jioni aliponisindikiza mpaka mlango wa chumba alininong'oneza:

“Mume wangu, niambie ukweli. Unarudi au hurudi?”

Nililala chali nikitazama dari. Usingizi haukuja, kwa sababu nilielewa anachoniuliza. Alikuwa haulizi kuhusu kupona. Alikuwa anauliza kama bado ana mume ndani ya nyumba au ana mgonjwa wa kutembelewa.

Kliniki iliyofuata nilimweleza daktari habari ya miguu. Akapima, akasikiliza mgongo, akasema dawa zinafanya kazi vizuri, mapafu yana kovu lakini yanatosha, na akanipeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Niliyemkuta ni binti mdogo kuliko mwanangu wa kwanza, jina lake Anjela, mkavu wa maneno.

“Shikamoo baba. Tembea mpaka ule mlango urudi.”

Nikatembea. Nikarudi nimeshika meza.

“Nyumbani unafanya kazi gani?”

“Sifanyi kitu. Naumwa.”

“Ndiyo maana,” akasema.

Alinieleza kwa lugha yangu. Ndani ya mwili kuna seli, chembe ndogo ndogo zilizo hai, na ndizo mwili wenyewe. Zikipata usumbufu kidogo, kutembea kidogo, kuhema kidogo, zinaamka zinajijenga, hasa ukizipa chakula na usingizi baadaye. Zikisumbuliwa kupita kiasi zinaumia. Zikiachwa kabisa bila usumbufu zinalegea, kwa sababu hakuna anayezihitaji. “Dawa inaua vijidudu, baba. Haiwezi kukutembeza.” Kisha akanipa kipimo: nitembee kwa mwendo ambao naweza kuongea lakini siwezi kuimba. Nikihisi nusu ya nguvu imetumika, nigeuke nirudi.

Dada alipoona mgonjwa wake anazunguka uwanja wa nyumba alifunga duka mapema akaja kusimama kibarazani, mikono kichwani. Lakini karatasi ya daktari ilikuwa imesema, akaniacha. Masasi mjini ni tambarare. Nilikwenda mpaka kwa fundi baiskeli, kisha mpaka kituo cha bodaboda, ambako vijana walianza kunishangilia. Awamu ya pili ya dawa ikaisha na mvua, makohozi yakapimwa mara ya mwisho yakawa safi, nami nikaomba kurudi nyumbani.

“Nenda,” dada alisema. Hakuwa anatabasamu. “Lakini korosho zikianza kuanguka nitakuja. Nikikukuta umekaa unahema, unapanda gari unarudi nami, na mikorosho tunaikabidhi. Tumeelewana?”

Nikasema tumeelewana. Mama Saidi naye aliitikia, kwa sauti kubwa kuliko yangu.

Sasa nikuambie kosa nililofanya, maana ni kosa ambalo mtu wa Masasi hawezi kulifanya hata akijitahidi.

Sisi tunaishi juu. Nyumba ziko juu ya uwanda, na maji ya chemchemi yako chini bondeni. Wenye paa la bati tuna visima vya kuvunia mvua, lakini cha kwetu kilikuwa na ufa, na kipupwe kilipofika kilikuwa tope tupu. Wanawake wakaanza kushuka bondeni. Nikasema nami nitakwenda, ndiyo mazoezi yangu, na nitabeba dumu la lita ishirini begani kama mwanamume. Binti Anjela alisema nitembee mpaka nusu ya nguvu ndiyo nigeuke. Basi nikashuka. Nikashuka vizuri, upepo usoni, nazungumza, hata nikaimba kidogo kuwaudhi wanawake. Nilifika kwenye maji nikiwa sijatumia hata robo ya nguvu. Nikajaza dumu.

Kumbe kwetu safari inaanza kwa kupumzika. Kila hatua ya kushuka ina kaka yake wa kupanda, na kaka ni mkali. Kona ya kwanza kifua kilibana. Ya pili miguu ilitetemeka, nikaona dunia ina nukta nyeusi, nikakaa chini, dumu likabingirika likamwagika lote mbele ya watu walioyafuata maji toka alfajiri. Hakuna aliyenicheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Walitua ndoo zao, wakanipepea kwa khanga, wakanipandisha taratibu, wawili wakinishika kwapani, tukipumzika kila penye kivuli. Jua lilikuwa utosini tulipofika nyumbani.

Homa ilinishika nikalala. Nilijua tu kwamba kifua kikuu kimerudi. Kwenye benchi la hospitali ya Newala nilikaa nimefumba macho nikiwaza mambo ya mazishi, na Mama Saidi alinishika kidole kimoja tu cha mkono, kama tunavyowashika watoto sokoni. Wakapima makohozi, wakapiga picha. Hakuna kilichorudi. “Umezidisha tu, mzee,” mganga alisema. “Pumzika mpaka homa iishe kabisa, kisha anza upya, kidogo.” Nilimshukuru Mungu pale pale kwa sauti, wagonjwa wengine wakaitikia amina bila kujua ninashukuru nini.

Habari zilimfikia dada kabla hatujafika nyumbani. Alipiga simu. Hakufoka, alisema tu, “Mdogo wangu, nimekuhurumia. Nitakuja kama tulivyosema.” Ningependa afoke.

Nilipona homa, lakini nikaogopa. Nilikaa kwenye kigoda mlangoni, nikijiambia nitaanza kesho. Mama Saidi aliniacha kwa muda, kisha siku moja akaniita shambani nyuma ya nyumba. Mikorosho ilikuwa imeanza maua.

“Mvua imenyesha lini?” akaniuliza.

“Si unajua. Tangu miezi hiyo.”

“Na hii ndiyo inatoa maua. Mwaka ule mvua ilipokataa kuondoka tulipata nini?”

Mwaka ule tulipata majani. Mkorosho unataka kiu kidogo ili uzae, na mimi nimelima mikorosho tangu utotoni bila kuona kwamba binti wa Masasi alikuwa akinieleza jambo ninaloishi nalo. Nikaomba fimbo yangu.

Safari hii kamanda alikuwa Mama Saidi. Alipanga tushuke mpaka kona ya kwanza tu, tugeuke hata kama najiona simba. Nikawa nabeba dumu la lita tano, lile la mafuta ya kula. Na kwa habari ya kuongea bila kuimba alipata kipimo cha nyumbani.

“Njia hii ina watu. Watakusalimia. Ukishindwa kumaliza salamu, umezidisha, unakaa chini.”

Unazijua salamu zetu. Mtu haishii kwenye marahaba. Umeamkaje, nyumbani hawajambo, watoto je, yule aliyekuwa anaumwa mguu je, na shamba? Mwanzoni nilipanda kidogo tu, nikakutana na binti wa jirani na ndoo yake.

“Shikamoo baba.”

“Mara...”

Ikaishia hapo. Nikakaa kwenye jiwe. Binti akasimama na ndoo kichwani akisubiri “haba” yake, maana kwetu huwezi kumpita mkubwa salamu ikiwa nusu. Mama Saidi alicheka mpaka naye akakaa. Nami nikacheka, nikakohoa, nikamalizia, na yule binti akaendelea na safari yake.

Habari ilienea. Mwanamume anayeshuka kuchota maji na wanawake kwa kidumu cha mafuta ilikuwa burudani tosha, sembuse anayepimwa kwa salamu. Wale akina mama wakaingia kwenye mchezo kwa moyo wote. Walinisalimia mahali pabaya makusudi, pale penye mwinuko, wakauliza habari za mtu mmoja mmoja. Mmoja aliniuliza hali ya kuku. Siku nilipomaliza marahaba, nikamalizia watoto, nikafika kwenye kuku bila kusimama, walipiga vigelegele njia nzima. Kuna siku nilirudi nyuma pia. Upepo ukiwa na vumbi, au nimelala vibaya, nilikaa nyumbani na hakuna aliyenilaumu. Lakini kona ya kwanza ikawa ya pili. Usiku nilianza kulala usingizi wa mkulima. Njaa ikawa njaa ya kweli. Nilipopiga magoti kuswali niliinuka bila kushika ukuta, watu wakaondoka, nami nikabaki nimesimama pale msikitini kwa furaha tu ya kusimama.

Kama unaumwa sasa hivi, maliza dawa zako kwanza, na mwendo wako akupangie anayejua kifua chako, usipangiwe na kiburi chako. Lakini mwambie anayekupenda akuachie hata kikombe ukichukue mwenyewe. Mwambie kwa upole, maana anaogopa kuliko wewe.

Mabibo yakaanza kunukia. Korosho za kwanza zilianguka, na dada akaja kama alivyosema. Hakupiga simu. Alichukua gari mpaka Newala, kisha bodaboda, akawakuta watoto peke yao uani.

“Baba yenu yuko wapi?”

“Kaenda bondeni kuchota maji, shangazi.”

Watoto wanasema alitupa mkoba chini. Alikwenda mpaka ukingoni, pale njia inapoanza kushuka, akasimama chini ya jua. Sisi tulikuwa tunapanda. Nilimwona toka kona ya mwisho, na kitenge chake cha kusafiria, mkono kifuani. Dumu begani lilikuwa la lita kumi. Nilitamani kupumzika pale, kwa kweli, lakini nilikuwa bado naweza kuongea, basi nikapanda. Mama Saidi nyuma yangu akapunguza mwendo.

Nilifika juu, nikasimama mbele ya dada yangu.

“Shikamoo dada.”

Alikuwa ananitazama kifua, kinavyopanda na kushuka.

“Marahaba,” alisema. “Hujambo?”

“Sijambo dada. Umefikaje? Habari za Masasi?”

“Salama.”

“Shemeji hajambo? Zuhura je, na mtoto wake? Mvua huko zimetia dalili?”

“Hawajambo. Bado.” Mkono ukashuka toka kifuani. “Hujaniuliza duka.”

“Na duka je, dada?”

“Duka nalo zima,” akasema, na machozi yakamtoka.

Akanyoosha mkono anitue mzigo, kama alivyokuwa akininyang'anya hata kikombe kwa miezi yote ile. Mkono ulifika kwenye mpini wa dumu, ukasimama. Kisha akaurudisha, akafutia machozi.

“Tangulia,” aliniambia. “Nataka nikuone ukitembea.”

Nikatangulia na dumu langu. Maji yale tuliyapikia mbaazi, tukala sahani moja.